Brasi imetoka pinki baada ya kuizungusha na maji, nimekosea wapi?

Fundi wa Sakina
Wakuu salaam. Niko Arusha, nina kibanda cha kuyeyusha brasi: koki zilizokufa, makufuli, chochote wanacholeta vijana wa skrepa. Namimina kwenye mchanga, natoa vikuku na bizimu za mikanda. Kung'arisha ndiko kunakoniua. Bibi yangu Tanga alisugua sinia zake kwa ukwaju na majivu, nami nimerithi hilo, ila kikuku kimoja ni dakika ishirini na vidole vinachanika.

Basi nikaona video za Wamarekani wanaojaza upya risasi zao. Wanachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, meusi kama sufuria la msibani, wanayatia kwenye kipipa kinachozunguka chenye maji, sabuni, ndimu ya unga kidogo na visindano vya stenlesi. Saa mbili tatu yanatoka kama dhahabu, nje na ndani. Nikasema mashine hii naiunda. (Maganda yenyewe siyagusi, hata vijana wakileta nawarudisha nayo. Sitaki maswali ya kituoni.)

Ndoo ya rangi ya lita 20, mota ya waipa, betri ya gari. Inazunguka taratibu, kama mara 45 kwa dakika. Visindano vya stenlesi sikupata, nikakata waya wa kufungia nondo, vipande vya nusu sentimita, mimi na mpwa wangu jioni nzima, karibu kilo mbili. Maji lita tano, sabuni ya vyombo, ndimu ya unga vijiko vitatu vya chakula. Vikuku 24. Nikawasha saa mbili usiku, nikalala. Betri ikafa sijui saa ngapi.

Asubuhi nafungua: vyote pinki, kama kitimoto kabla hakijaingia kwenye mafuta! Waya nao umeingia wekundu, mwingine kutu. Mteja wa Usa River anafuata mzigo Ijumaa. Nimeua au kuna dawa?

Kamanda Ngarenaro
Umepigwa mkuu. Hizo koki ni kopa iliyopakwa rangi.

Fundi wa Sakina
Hapana, nimepitisha tupa, chini ni njano safi. Pinki ni ngozi tu.

Sonara Mstaafu, Moshi
Kijana, tupa imekujibu nusu. Brasi ni shaba na zinki. Ile ya maganda ya risasi ni karibu asilimia 70 kwa 30. Ndimu ya unga ni asidi: ikizidi na kukaa muda mrefu, zinki ya juu hutangulia kutoka, shaba inabaki uso mwekundu. Hilo la kwanza.

La pili ndilo lililokumaliza. Waya wa nondo ni chuma tupu. Asidi ilikuwa imekwisha kulamba shaba kidogo kwenye vikuku vyako na kuiweka majini. Chuma kikianza kuyeyuka humo, shaba inatoka majini inaganda juu ya kila inachokigusa. Sisi masonara hili tunalijua tangu uanagenzi: ole wako utumbukize koleo la chuma kwenye asidi ya kusafishia, pete za fedha zote zinatoka nyekundu. Mimi nililipia kosa hilo kwa pete saba za watu, na kibao juu.

Dawa ipo. Duka la dawa kanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda. Nusu lita kwenye bakuli la plastiki, ndimu ya unga kijiko cha chakula, fanyia nje, vaa glovu. Itatoa mapovu, kwa hiyo usifunike. Chuma kisiingie humo, hata uma wa kuopolea. Anza na kikuku kimoja, usimwage vyote kwa pupa. Njano ikirudi, toa, suuza sana.

Siku nyingine ndimu iwe robo kijiko cha chai kwa lita nne, na usilale. Stenlesi utaipata kwa wauza vifaa vya kuchomelea: waya wa milimita moja, ukate milimita sita. Usiupime kwa sumaku, maana stenlesi iliyovutwa ikawa waya hunasa kidogo. Uloweke usiku kwenye maji ya chumvi. Usipoona kutu asubuhi, ndio wenyewe.

Na usije ukashawishiwa kutumia amonia. Karne ya 19 Waingereza kule India walihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, maganda yakapasuka yenyewe bila kupigwa. Amonia ya mikojo ya farasi ndiyo iliyokula brasi iliyokwisha kukandamizwa kiwandani.

Mama Bustani, Pasua
Na hayo maji meusi mnayamwaga wapi? Brasi ya koki mara nyingi hutiwa risasi, nasema madini, si ya bunduki, ili ichongeke kirahisi. Hao Wamarekani wenyewe wengi hupenda maji kwa sababu vumbi la fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, lina risasi hiyo hiyo, na likiwa limelowa halipeperuki kuingia puani. Wewe usije ukamwagia mchicha.

Fundi wa Sakina
Shikamoo mzee. Nimefanya kimoja: mapovu kama soda, dakika sita, njano hiyo! Lakini imefubaa, haing'ai. Nikatwanga magunzi makavu ya mahindi, nikayatia kwenye ndoo na polishi kidogo, nikakizungusha kikavu tangu saa nne mpaka adhuhuri. Sasa unaweza kujinyolea ndevu humo.

Mama, maji yako kwenye dumu, nimeandika SUMU kwa mkaa na mpwa kaambiwa asilisogelee. Vimebaki 23. Nimerudi duka la dawa kuongeza peroksaidi, dada wa pale akaniuliza nyumbani nina majeruhi wangapi.

Sonara Mstaafu, Moshi
Marahaba. Mwambie 23.