Hilux D-4D (1KD) inakosa presha ya mafuta: uanze na SCV, skana, upande wa tangi au injekta?

Ruaha_Vigo
Habari zenu wakuu. Gari ni Hilux Vigo ya 2008, injini 1KD-FTV, gia za mkono. Tambarare haina shida. Ikipanda mlima na mzigo wa kama kilo 700, raundi zikigonga 2800 inakata, taa ya injini inawaka na gari inakuwa nzito. Ukizima na kuwasha inarudi kama kawaida. Kodi ya kosa kwenye skana ni P0087, presha ya mafuta iko chini mno. Asubuhi inawaka papo hapo, ila ikiwa moto stata inazunguka sekunde 5 au 6 ndipo ishike. Filta ina kilomita 4000 tu.

Mafundi wanne, majibu manne: badilisha SCV (valvu inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu ya presha), pima kwa skana, funga geji ya vakumu na mpira angavu, pima ritani za injekta (mafuta zinayoyarudisha tangini). Ipi inatangulia, na ipi ni kutupa hela?

fundi_HP3
Mkuu, kabla ya kuchagua kipimo, elewa mafuta yanavyofika. Hilux hii haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya Denso HP3 ndiyo inayovuta dizeli yenyewe kutoka tangini, kupitia filta. Kwa hiyo kati ya tangi na pampu hakuna presha, kuna mvuto. Fundi akikufungia geji ya presha pale itasoma sifuri, na pampu nzima itahukumiwa bure. Tena mpira uliopasuka upande huo hautadondosha dizeli, utaingiza upepo. Sakafu kuwa kavu haimaanishi laini ni nzima.

Mimi naanza na skana, kwa sababu hufungui hata bolti moja. Weka mistari miwili kwenye skrini moja: presha ya reli inayotakiwa na presha halisi. Reli ni paipu nene inayogawia injekta mafuta ya presha. Injini ya moto ikinguruma bila kukanyaga mafuta utaona MPa 30 hadi 40, yaani bar 300 hadi 400. Kisha panda mlima gia ya 3, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini kabisa, mwenzako anasoma. Usisome wewe unayeendesha.

- Halisi inaachwa nyuma kadiri mzigo unavyoongezeka: pampu haipati mafuta ya kutosha, au yanapotea kwenye injekta au kwenye valvu ya usalama ya reli.
- Halisi inapanda na kushuka, inazidi na kupungua kuzunguka ile inayotakiwa: hapo mtuhumie SCV.
- Zote mbili zinakwenda sawa lakini gari haina nguvu: achana na mafuta, nenda kwenye tabo na mipira ya upepo.

NozoMwanza
Mnazungusha mambo. HP3 iliyotembea kilomita 200,000 kwa dizeli yetu, SCV ni ya kubadilisha. Pistoni yake inachakaa, inakwama, kwisha habari. Bolti mbili tu na soketi ya waya. Kwa nini mtu alipie siku nzima ya vipimo?

fundi_HP3
Kwa sababu dalili zake hizi hapa hazipo, kaka. SCV inayokwama huonekana zaidi gari ikinguruma: raundi zinacheza, au injini inazima ukiachia mafuta kwa ghafla unapokaribia tuta. Ikigandia upande wa kupitisha mafuta mengi, kodi huwa P1229 au P0088, presha kuzidi. Yeye ana P0087 chini ya mzigo peke yake. Upime walau ukinzani wa koili kwanza, unatakiwa kuwa karibu ohmu 2 injini ikiwa baridi. Koili nzima haikuhakikishii pistoni nzima, nakubali.

Na ukishafunga mpya, pampu lazima ifundishwe upya kwa skana inayoingia kwenye Toyota. Wengi hawafanyi hivyo, gari inaanza kutikisika, wanasema SCV ni feki.

NozoMwanza
Hilo la kufundisha pampu sibishi. Niongeze: ukichomoa SCV ya zamani, angalia tundu lake kwa tochi. Ukiona unga unaometameta, simama hapo hapo. Pampu inajisaga, na vumbi hilo limeshafika kwenye reli na injekta. SCV mpya itadumu wiki. HP3 inalainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana iliyochanganywa mafuta ya taa au yenye maji inaimaliza mapema.

Kitonga4x4
Kwa P0087 inayokuja mlimani tu, mimi ningekimbilia upande wa tangi. Ni rahisi kuliko zote na vifaa vyake havifiki bei ya SCV moja.

Toa mpira unaoingia kwenye pampu, weka kipande angavu cha mm 8 kinachostahimili dizeli, urefu wa sentimeta 20 hivi. Katikati weka kiungo cha njia tatu na geji ya vakumu. Piga pampu ya mkono juu ya filta hadi iwe ngumu, washa, subiri dakika 3 upepo wa kazi yako mwenyewe uishe. Baada ya hapo:

Ukiona mapovu yanaendelea, kuna mahali panavuta upepo. Kwenye Hilux mtuhumiwa wa kwanza ni kichwa cha filta chenyewe, pale kwenye pampu ya mkono, au raba ya filta iliyokaa upande. Dalili nyingine ya hili ni pampu ya mkono kuwa laini asubuhi wakati jana uliiacha ngumu.

Hakuna mapovu ila geji inapanda, basi kuna kizuizi. Kipimo cha gereji: filta safi na laini safi zinakupa kPa 10 hadi 20. Ikipita 30 injini ikifanya kazi, kuna kitu kimeziba. Pima ukiwa na mzigo, maana gari ikisimama haitumii mafuta mengi. Geji ibandike nje kwenye kioo kwa utepe, ukiwa na mpira mrefu. Usiingize mpira wa dizeli ndani ya kabini hata kama mvua inanyesha.

Halafu jerikani. Lita 10 za dizeli safi, iinuliwe juu kuliko pampu, ipite kwenye filta ndogo mpya, iingie moja kwa moja kwenye pampu. Ritani iache irudi tangini. Gari ikiwa imesimama, peleka raundi 3000. Geji ikishuka, umeshaondoa pampu na injekta kwenye kosa hilo. Usiendeshe barabarani na jerikani kwenye injini.

Nusura nisahau: fungua kifuniko cha tangi gari ikishatembea saa nzima. Ukisikia linavuta pumzi kwa nguvu, tundu la hewa limeziba.

DadaDizeli
Niseme kuhusu ritani, maana watu wanazichukulia kama jambo la dakika 10. Kwenye injini ambazo mirija ya ritani iko nje, unaning'iniza chupa nne na kulinganisha. Kwenye 1KD paipu ya ritani iko chini ya kava ya valvu. Ukipima pale inapotokea kwenye kichwa cha injini unapata jumla ya injekta zote nne, hujui mwizi ni nani.

Njia inayofaa zaidi ni kuziba reli. Toa intakula (kipoza hewa ya tabo), fungua paipu ya injekta moja kwenye reli, funga kizibo cha chuma cha uzi uleule kilichotengenezwa kwa presha hiyo. Zungusha stata, soma presha. Rudia kwa nyingine. Presha ikiruka ghafla ulipoziba moja, hiyo ndiyo inayorudisha mafuta. Injini hii inahitaji kama MPa 20 hadi 25 ndipo ishike. Kwa hiyo soma presha ya stata mara mbili: baridi na moto. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye injekta iliyochakaa kuliko ya baridi. Ndiyo maana "asubuhi safi, mchana stata ndefu" ni lugha ya injekta.

Kabla ya injekta, toa mpira wa ritani ya valvu ya usalama mwishoni mwa reli. Ukizungusha stata pabaki pakavu. Pakidondosha, umepata jibu kwa bei rahisi.

Tahadhari: hakuna kulegeza paipu ya presha injini ikiwaka, "kutoa upepo" kama kwenye injini za zamani. Reli hii inafika bar 1600 na dizeli inapenya ngozi bila hata kuumiza mwanzoni. Zima, subiri, hakikisha skana inasoma karibu sifuri. Na siku utakapotoa injekta, weka washa mpya za injekta. Zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili, hasara inayozidi injekta zote nne. Injekta mpya ina kodi imechapwa juu yake. Isipoingizwa kwenye kompyuta, injini inaweza kugonga.

Ruaha_Vigo
Asanteni sana. Vipimo hivi hapa. Presha ya reli ikinguruma: inayotakiwa MPa 33, halisi 33, haichezi. Mlimani: inayotakiwa 120, halisi ikashuka hadi 78 na taa ikawaka. Hakuna mapovu. Geji: kPa 12 ikinguruma, 41 mlimani. Imesimama raundi 3000 ni 26, na jerikani ikashuka hadi 8. Stata ya baridi inatoa MPa 36, ya moto inajikongoja hadi 19. Valvu ya reli kavu.

fundi_HP3
Una makosa mawili, mkuu, ndiyo maana kila fundi alikuwa na ushahidi wake. La mlimani ni kizuizi. Hamishia geji kabla ya filta, panda mlima uleule. Ikisoma chini ya 15, filta yako ya kilomita 4000 ndiyo kizuizi. Ipasue uangalie karatasi, na chukua nyingine ya kuaminika. Ikibaki karibu na 40, shusha tangi usafishe chujio la ndani na kukagua paipu kama imebonyea.

DadaDizeli
Na hiyo 19 ya moto haitapona kwa filta. Maliza laini kwanza, futa kodi, pima stata ya moto tena. Ikibaki chini ya 25, ziba reli moja moja. SCV iache ilipo.

NozoMwanza
Sawa, nimekubali kwa hii. Ukishusha tangi, ondoka na maji yote ya chini, na usiwashe kabla pampu ya mkono haijawa ngumu. HP3 ikizunguka kavu, tutarudi hapa kuzungumzia bei ya pampu.