Likizo ya Agosti pwani: twende juma lipi?

Kutoka: Mama wa South B

Habari zenu, Watanzania wenzangu wa Nairobi. Naomba ushauri mapema, kabla bei hazijapanda. Shule zikifungwa Agosti nataka kuwatoa watoto kwenye hii baridi. Mwaka jana mdogo alikohoa Julai nzima na jua hatukuliona. Tunafikiria Diani, kusini mwa Mombasa, kwa treni ya SGR, au turudi Unguja. Ila mwaka jana tulilipia siku nne Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kila asubuhi tukiamka bahari imekwenda zake. Wakubwa wamevaa nguo za kuogelea, wamesimama mchangani wanawaangalia akina mama wa mwani walivyoinama kule mbali. Maji yakirudi ni jioni, upepo umeshachacha. Mimi nimekulia Arusha, mambo ya bahari siyajui. Mwenzangu kazini anasema tulikosea msimu, tungoje Februari. Ni kweli?

Kutoka: Mpemba wa Eastleigh

Salaam, dada yangu, na pole kwa watoto. Agosti haina kosa. Mlikwenda siku za bamvua, na hakuna aliyekwambia. Jambo hili linaniuma, maana kila mwaka naona watu wanamaliza akiba yao kwa kuuliza bei ya chumba na habari za mvua tu, mwezi hawauulizi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Pwani yetu siku hizo maji yanakuwa yamekupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa saa kumi alasiri hivi. Jambiani, Paje na Bwejuu ufuo ni tambarare mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo bahari inarudi nyuma hata kilomita nzima. Katikati ya bamvua mbili, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na yanajaa asubuhi, saa ileile watoto wanapotaka kuingia majini.

Agosti 2026 mwezi mpya ni tarehe 12, mpevu tarehe 28. Bamvua na maji mafu huchelewa siku moja au mbili nyuma ya mwezi. Basi shika tarehe 5 hadi 9, au 19 hadi 23.

Kuhusu Februari, mwenzako ana lake la kweli. Ni msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, bahari imelala, maji ni mang'avu. Anayetaka kuzamia aende wakati huo, na anayetaka kuwaona papa potwe kule Mafia aende kati ya Oktoba na Februari. Lakini joto lake ni kali, watoto wako shuleni, na Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuingia juma la pili la Februari, ambapo Unguja mchana mikahawa mingi ya mitaani hufunga. Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini mashariki: kukavu, hewa nzuri, usiku unalala bila feni. Shida yake ni upepo, na upepo huo unaipiga pwani ya mashariki uso kwa uso. Kwa hiyo ukienda Unguja nenda Kendwa, upande wa kaskazini magharibi. Kule kisiwa chenyewe kinakukinga, na hata siku za bamvua maji hayaendi mbali.

Diani nayo ni nzuri kwa tarehe hizohizo. Ila kwa safari za mashua za visiwa vya Wasini na Kisite, watoto wasiingie mpaka umemuuliza nahodha mwenyewe hali ya bahari, usimsikilize anayeuza tiketi ufuoni. SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na Agosti hujaa haraka, kata mapema. Ukishuka kituo cha Miritini, Mombasa, pitieni barabara ya Dongo Kundu, msipange foleni ya feri Likoni.

Kutoka: Baba wa Kitengela

Mama wa South B, mkichagua Unguja angalieni kadi za njano leo hii, msingoje Agosti. Ukitokea Kenya unadaiwa chanjo ya homa ya manjano hata kama wewe ni raia unarudi kwenu. Mimi binti yangu nilimchanja Jumatatu, Ijumaa tuko mpakani. Afisa akaishika ile kadi, akapitisha kidole kwenye tarehe, akahesabu, akanirudishia bila maneno mengi. Chanjo huhesabika baada ya siku 10. Tukageuza gari, na harusi ya dada yangu tukaisikilizia kwenye simu. Kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 msizitupe, tangu Julai 2016 ni za maisha.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Na ukitajiwa bei kwa dola, omba ya shilingi. Tangu 2025 kanuni za Tanzania zinataka bei za ndani ziwe kwa shilingi yetu.

Kutoka: Mama wa South B

Ahsanteni sana, kaka zangu. Nimerudi kwenye picha za mwaka jana. Usiku wa pili Jambiani tulikula pweza nje bila taa, na mwezi unaonekana umetoka baharini mzima, mwekundu. Kumbe jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Tumeamua Kendwa, tarehe 5 hadi 9. Mdogo mwaka jana alipita kwa kuwa hakuwa ametimiza mwaka, kwa hiyo kadi hana. Kesho asubuhi nampeleka kuchanjwa. Mwanangu mkubwa ameshachora duara kwenye kalenda ya jikoni, moja la tarehe 12 na jingine la tarehe 28, na sasa kila jioni anatoka kibarazani kuutafuta mwezi kwenye mawingu.