Kiwanda cha sabuni: mzigo mkubwa wa madhara kwa mazingira uko wapi?

Afisa Ununuzi

Wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika idara ya ununuzi ya kampuni kubwa inayotengeneza sabuni ya unga na ya mche hapa Dar es Salaam. Uongozi umeagiza kila idara ioneshe namna itakavyopunguza madhara yetu kwa mazingira, na hadi sasa mapendekezo yote niliyoyasikia yanahusu mambo ya ndani ya ukuta: taa zinazokula umeme kidogo, safari za magari, karatasi. Sipingi hata moja, lakini ninahofia tutatumia fedha na muda kufuta doa dogo huku kubwa likibaki palepale. Wenye uzoefu, mzigo wenyewe uko wapi?

Mhesabu Hewa

Ndugu, hofu yako ina msingi. Utaratibu wa kuhesabu gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, unaotumiwa na kampuni nyingi duniani, uliotolewa mwaka 2001, unagawa hesabu mafungu matatu: kinachochomwa na kampuni yenyewe, nishati inayonunuliwa, na yote yanayotokea kwa wagavi na kwa watumiaji. Microsoft, kampuni ya programu za kompyuta, ilipotangaza ahadi zake za kupunguza gesijoto Januari 2020 ilikadiria kutoa tani milioni 16 kwa mwaka huo. Fungu la kwanza lilikuwa tani 100,000 hivi, la pili milioni 4, na la tatu milioni 12. Tangu mwaka 2012 imekuwa ikizitoza idara zake ada kwa kila tani, na bado ripoti yake ya mwaka 2024 ilionesha jumla imepanda kwa asilimia 29.1 kulinganisha na 2020, hasa kwa sababu ya saruji, chuma na vifaa vya vituo vipya vya data. Ahadi haimzuii mtu kununua. Kwa hiyo idara yako ndiyo yenye ufunguo.

Bibi Beseni

Ninaongeza tahadhari moja. Unilever, kampuni kubwa ya sabuni na bidhaa za nyumbani, ilipopima bidhaa zake iligundua kwamba sehemu kubwa kuliko zote ya gesijoto hutokea nyumbani kwa mtumiaji, kwa kupasha maji ya kuogea na kufulia, ndiyo maana watengenezaji wa sabuni Ulaya wamewahimiza wateja wafue kwa maji ya nyuzijoto 30 tu. Msiichukue hesabu hiyo kama ilivyo. Huku kwetu wengi hufua kwa mkono, ndani ya beseni, kwa maji baridi. Kinachoumiza ni maji ya kusuuza, ambayo kwa familia nyingi hununuliwa kwa ndoo. Sabuni yenye povu linalokatika upesi humpunguzia mama ndoo nzima, ingawa wateja wamezoea kuamini kwamba povu jingi ndiyo usafi, na imani hiyo sisi wenye viwanda tumeilea kwa matangazo yetu wenyewe. Kisha kuna pakiti ndogo za sabuni ya unga. Marufuku ya plastiki ya 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea, si vifungashio vya bidhaa za viwandani, na pakiti hizo za tabaka kadhaa zilizogandamizwa pamoja hazina mnunuzi kwa waokota taka. Mwisho wake ni mtaroni.

Mkulima wa Michikichi

Msisahau mawese, mafuta yanayotengenezea sabuni. Shamba lililofunguliwa kwa kukata msitu na kukausha ardhi ya mboji, kama ilivyofanyika sehemu nyingi za Indonesia, huendelea kutoa hewa ukaa kwa miaka mingi baada ya miti kuanguka. Cheti cha RSPO, jumuiya ya mawese endelevu iliyoundwa mwaka 2004, kinasaidia, lakini andika kwenye mkataba kwamba mgavi ataje kinu mafuta yalikokamuliwa. Hata ukinunua kwetu Kigoma, uliza vilevile. Ukaribu peke yake haulindi msitu. Na kama boila yenu inachoma kuni, hilo nalo ni swali la mgavi.

Afisa Ununuzi

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Mkataba wa mawese unakaribia kuhuishwa, hivyo nitaanza na kipengele cha kinu. Bibi Beseni, mnapima vipi maji ya kusuuza: maabara, au mnakwenda majumbani?

Bibi Beseni

Majumbani, mwanangu. Maabara hawana mtoto mgongoni wala deni la muuza maji. Mpe mama sabuni zote mbili bila majina, nguo zilezile, uhesabu ndoo.