Re: Kodi ya halmashauri England, mbona kwa walalahoi ndo kubwa?

> Wadau salaam, nimetoka London nimehamia kaskazini mashariki, pango limeshuka vizuri tu ila kodi ya halmashauri imepanda. Hii hesabu ikoje jamani?

Dada karibu kaskazini, baridi utaizoea. Iko hivi, England nzima nyumba zimepangwa madaraja A mpaka H kwa bei ya Aprili 1991. Ndio, 1991! Hata ghorofa iliyojengwa juzi wanakaa wanapiga hesabu eti ingekuwepo mwaka ule ingeuzwa pauni ngapi. A ni mpaka 40,000, H inaanza ikivuka 320,000 na hapo ndo mwisho, na kwenye halmashauri moja wa H analipa mara 3 tu ya wa A, yani kasri la mabilionea na nyumba iliyokuwa 330,000 enzi hizo kodi yake sawasawa.

Sasa huko uliko nyumba nyingi ni A na B, wazee wa kuhudumia wamejaa, ruzuku ya serikali kuu imekatwa sana toka 2010, watoe wapi kama sio kukaza kiwango? Westminster, halmashauri ya katikati ya London, wana majumba ya bei mbaya kila kona na hela ya paking juu, hawana haja ya kukaza. Linganisha daraja D, Hartlepool, huko huko kaskazini mashariki, wanalipa zaidi ya mara mbili ya Westminster.

Kurekebisha serikali zinaogopa. Waziri mkuu Thatcher alileta kodi ya kichwa (ileile waliyowatoza babu zetu), Machi 1990 watu wakakinukisha Trafalgar Square, Novemba akaachia ngazi. Hii ya sasa ikaja 1993, 2005 serikali ya chama cha Labour wakaahirisha kupima upya bei za nyumba maana ambao nyumba zao zimepanda ndo wapiga kura wa uhakika. Wales walipima upya kwa bei za 2003, ikaanza kutumika 2005, na maisha yanaendelea.

Kama unaishi peke yako omba punguzo la 25%, hata kama viza inakukataza pesa za umma hilo halihesabiki. Ila ile nafuu ya wenye kipato kidogo USIIGUSE, hiyo inahesabika na itakuharibia viza. Ukiona daraja lako halifanani na la majirani una miezi 6 toka uanze kulipa kupinga rasmi, chungulia kwanza ya majirani mtandaoni maana wanaweza wakakupandisha badala ya kukushusha. Na usilaze malipo, wakishakukumbusha ukakaa kimya wanadai ya mwaka mzima kwa mkupuo, af ni mahakama na madalali mlangoni.

> Niaje, mimi niko kwa nyumba ya kushare, kila mtu na room yake na kontrakti yake, landlord anasema nilipe hiyo ya kanjo. Ni sawa?

Hapana bro, nyumba za hivyo kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, mwambie hivyo kwa maandishi.

Alafu kitu kimoja wengi hawajui, mtu wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda mwenye viza halali anaruhusiwa kupiga kura hapa, uchaguzi wa halmashauri na wa bunge, sababu ya Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Congo na Burundi bado mpaka wapate uraia. Kujiandikisha ni mtandaoni, na toka 2023 ukienda kituoni beba kitambulisho cha picha, pasipoti ya nyumbani wanaikubali.