Tupeane uzoefu: Nani mwingine aliyepotea ndani ya Lost in Austen?

Mpangaji wa Sinza
Ndugu zangu, jana usiku komeo la mlango wa bafu letu liligoma, nikakaa humo ndani karibu nusu saa nikiwa na kanga moja na maji nusu ndoo, nikimsubiri mwanangu amlete fundi. Badala ya kuogopa nilijikuta nikicheka peke yangu, kwa sababu nilimkumbuka Amanda Price wa tamthilia ya Lost in Austen, yule msichana wa Hammersmith, London, aliyekisoma kitabu cha Pride and Prejudice cha Jane Austen mpaka akakihifadhi, na siku moja akamkuta Elizabeth Bennet mwenyewe, binti wa kitabuni, amesimama bafuni kwake. Wanabadilishana nafasi kupitia mlango uliomo bafuni humo: Elizabeth anabaki katika London ya leo, naye Amanda anajikuta nyumbani kwa akina Bennet na suruali yake ya jinzi. Ilirushwa na ITV, televisheni ya Uingereza, mwaka 2008, sehemu nne tu, nami niliipata miaka miwili baadaye kwenye diski ya kunakili, picha ikigandaganda. Tupeane uzoefu: uliitazama na nani, na ni wapi ilipokuchoma?

Mkazi wa Kigamboni
Bafu la kwetu lina pazia badala ya mlango, kwa hiyo mimi sina tumaini la kusafiri kwenda kokote. Ila nakuunga mkono, tamthilia hiyo ni tamu.

Msomaji wa Upanga
Umenikumbusha aibu yangu. Niliitazama na wadogo zangu wawili ambao hawakuwa wamekisoma kitabu, na mimi, kama dada mkubwa, nikajipa kazi ya kuwatangulia: sasa Bingley, yule kijana tajiri, atampenda Jane, dada mkubwa wa Elizabeth, sasa Collins, binamu yao mchungaji, atakataliwa na Elizabeth kisha atamwoa rafiki yake Charlotte, tulieni mtaona. Bingley akamkodolea macho Amanda. Wadogo zangu wakanitazama. Nikawaambia wasubiri, mambo yatajirekebisha, na hayakujirekebisha hata kidogo, kila nilichotabiri kilikwenda kombo, mpaka mdogo wa mwisho akawa ananiuliza kwa adabu ya kejeli, "Na sasa, dada, itakuwaje?" Nilikuwa nimekuwa Amanda bila kupita mlango wowote, kwa maana yeye naye anakijua kitabu kizima, na kila anapojaribu kukinyoosha anazidi kukipinda.

Kisha ikafika pale Jane, yule mpole wa watu, anapoolewa na Collins. Nililia machozi ya kweli. Kitabu kile kimesomwa tangu 1813 na msomaji hajawahi kupewa hofu hiyo, kwa sababu wote tunajua Jane ni wa Bingley. Na katikati ya kilio changu luku ikaisha, nyumba ikawa giza, saa sita na robo usiku, na aliyetumwa kununua umeme mchana alikuwa mimi.

Mtoto wa Feri
Mimi ilinichoma mahali pengine. Wickham, yule askari mtanashati, anaeneza uvumi kwamba marehemu baba yake Amanda alikuwa muuza samaki, na Collins, aliyekuwa amemchumbia Amanda, anauvunja uchumba papo hapo. Wenzangu ukumbini walicheka sana. Mimi baba yangu amenisomesha kwa vibua na changu, alikuwa akifika mnadani Feri kabla ya alfajiri, na mpaka leo nikinusa maji ya barafu yenye magamba namkumbuka yeye. Nilicheka nao, kisha nikatoka nje kidogo.

Mkazi wa Kigamboni
Ndugu yangu, kwa Collins hiyo haikuwa hasara, ilikuwa rehema. Mshukuru huyo samaki.

Mwalimu Mstaafu, Ubungo
Nawasoma kwa masikitiko. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na naamini kazi kongwe ina heshima yake. Mtu hawezi kuingia katika nyumba iliyojengwa kwa ustadi, akahamisha kuta, halafu akatuita tufurahie vumbi. Mnamwona Darcy, yule bwana mwenye majivuno ambaye kitabuni anamwoa Elizabeth, akiingia bwawani na shati lake ili kumfurahisha msichana wa kisasa! Katika kitabu jambo hilo liko ukurasa gani?

Msomaji wa Upanga
Shikamoo, Mwalimu. Haliko ukurasa wowote, na utani wenyewe ndio huo. Lile shati lililolowa lilitoka katika tamthilia ya BBC ya mwaka 1995, Colin Firth alipoigiza Darcy, na watu wengi wameshaamini kwamba limeandikwa kitabuni. Amanda anamwomba Darcy aingie majini kwa sababu hata yeye, pamoja na kukihifadhi kitabu, anachokiota ni televisheni.

Mwalimu Mstaafu, Ubungo
Marahaba. Nililijua hilo.

Kijana wa Tabata
Mimi naomba kumtetea Darcy. Amanda alipokiri kwamba alikwisha kuwa na mwanamume mwingine, Darcy akasema hawezi kumwoa. Wengi mlimtukana, lakini yeye ni mtu wa zama zake na alikuwa na haki.

Mama Watatu, Mbagala
Zama zake zipi, kijana? Hayo maneno mimi nimeyasikia mwaka huu, katika kikao cha ukoo, yakisemwa na mtu mwenye simu mbili. Na huyo Darcy kwani aliulizwa yeye yuko vipi?

Kijana wa Tabata
Sikukusudia kumkera mtu, Mama. Nilizungumzia tamthilia.

Mama Watatu, Mbagala
Na mimi nazungumzia tamthilia hiyohiyo.

Binti wa Temeke
Naomba niwatenganishe kwa kisa changu, ambacho sijawahi kukiandika popote.

Mwaka 2011 baba yetu alikuwa amefariki, na nyumba yetu ya Temeke ilikuwa katika mvutano na baba mdogo, ambaye alisema wazi kwamba mama hana mtoto wa kiume na kwa hiyo ajiandae kuhama. Akatokea mwanamume mwenye maduka mawili Kariakoo, mtu mzima, mpole wa maneno, akaahidi kwamba akinioa mvutano ule ataumaliza yeye. Mama hakunilazimisha. Alichofanya ni kunyamaza, na anayemjua mama yangu anajua kwamba ni afadhali angepiga kelele.

Siku washenga walipokuja nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, na ili nisitetemeke nilikuwa nimefungua kompyuta, tunatazama sehemu ya tatu. Shangazi hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria kwa kunong'ona huku barazani wanasalimiana. Tukafika kwa Jane akiwa mke wa Collins, yule mchungaji mrefu wa kuchefua ambaye shamba la akina Bennet litamwangukia siku baba yao akifa, kwa kuwa nao ni wasichana watupu. Shangazi akauliza, "Huyu dada mkubwa mbona kama maiti?" Nikamwambia ameolewa ili mama na wadogo zake wasikose pa kukaa. Shangazi akaifunga kompyuta kwa kiganja, akanitazama muda mrefu, akasema, "Na wewe je?"

Sikuweza kujibu, nikaanza kulia. Akajitanda kanga, akatoka barazani. Barua ya posa ilikuwa bado juu ya sinia, imefungwa katika kitambaa cheupe pamoja na fedha zake, fundo halijaguswa. Aliisukuma sinia kidogo tu, kama upana wa vidole vinne, kuelekea kwa mshenga mkubwa, akasema, "Baba zangu, tumeshukuru kwa heshima, lakini mtoto wetu hajawa tayari." Nilichungulia kwenye pazia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na nilidhani analia. Baadaye aliniambia alikuwa akijizuia asicheke kwa faraja.

Mkazi wa Kigamboni
Na nyumba?

Mama Watatu, Mbagala
Nyumba kwanza, tafadhali. Habari za Darcy tumeziahirisha.

Binti wa Temeke
Tulikwenda mahakamani, ikachukua miaka minne. Mama bado anaishi humo.

Kijana wa Tabata
Yule mwenye maduka alikuwa na kosa gani lakini? Hakumdhulumu mtu.

Mtoto wa Feri
Collins naye hakumdhulumu mtu, kijana.

Mpangaji wa Sinza
Nilitaka mambo mepesi ya bafuni, sasa nimepika maharage yameungua. Kwa ambaye hajaitazama: asome kitabu kwanza, vinginevyo hataona mzaha uko wapi.

Msomaji wa Upanga
Mimi nasema kinyume, aitazame kwanza, ili asiaibike mbele ya wadogo zake. Na anunue umeme mchana.

Mkazi wa Kigamboni
Asiitazame na mama mkwe. Wala na shangazi, kama anataka kuolewa.

Mwalimu Mstaafu, Ubungo
Nimemsoma Binti wa Temeke mara mbili. Naomba kusema kwamba kama mlango wa namna hiyo ungefunguka nyumbani kwangu, nisingekwenda kwa akina Bennet. Ningekwenda Ukerewe, ndani ya riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, nikamshike mkono Zakaria kabla hajampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Najua ningeharibu kitabu.

Msomaji wa Upanga
Mwalimu! Kuta zinahamishwa!

Mwalimu Mstaafu, Ubungo
Ukuta mmoja tu.

Mama Watatu, Mbagala
Binti wa Temeke, mwanangu, kitu kimoja kinanisumbua. Washenga walipoondoka, chai na sambusa mlizoandaa alizila nani?

Binti wa Temeke
Tulizila sisi, Mama, tukiwa watatu kitandani. Sehemu ya nne tuliimaliza usiku uleule, na mama akataka nirudishe nyuma mara mbili pale Jane anapofunguliwa ndoa ile na kurudi kwa Bingley.