MREJESHO: Hesabu ya vinavyoharibika, malighafi sasa inatosha (isipokuwa oda ndogo)

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini tukitaka vipande 1,000 na kuongeza asilimia 10 kufidia vinavyoharibika, bado tunapungukiwa.

Uliyesema tugawanye badala ya kuzidisha, ubarikiwe sana. 1,000 mara 1.10 ni 1,100; toa asilimia 10 ya hiyo, vinabaki vizima 990. Ukigawanya 1,000 kwa 0.90 unapata 1,111.1, unapandisha hadi 1,112, na mzigo unatimia. Uharibifu unakula kile unachoingiza, siyo kile unachotaka kitoke.

Ushauri wa kuzidisha pamoja sehemu ya vipande vinavyotoka vizima katika kila hatua nao tumeufuata: kukata 0.95, kuchomelea 0.90, kupaka rangi 0.98. Ukizizidisha unapata 0.8379; 1,000 ukigawanya kwa hiyo, tunaanza na vipande 1,194. Ila rangi tunapangia 1,021 tu, maana ndivyo vinavyofika huko. Hili peke yake limepunguza sana rangi inayolala stoo.

Kilichogoma ni oda ndogo. Mashine ikisetiwa upya, vipande vya mwanzo hutupwa, na idadi yake haibadiliki hata oda iwe ya 50 au 5,000. Asilimia hailioni hilo, kwa hiyo bado tunaongeza kwa mkono. Mwenye njia bora naomba anielekeze.

Watakaosoma baadaye: kama uharibifu umeshauweka kwenye bidhaa iliyokamilika, usiuweke tena kwenye kila kijenzi (sehemu inayounda bidhaa hiyo), utauhesabu mara mbili na kuagiza kupita kiasi.

Asanteni sana.