Naomba ushauri: dienojesti imetuliza maumivu, ila huzuni imezidi

Habari zenu wapendwa. Nina endometriosisi (tishu kama zile za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), na daktari alinianzishia dienojesti, kidonge cha homoni, miligramu 2 kila siku. Maumivu ya hedhi yamepungua sana, hilo nashukuru. Shida ni matone ya damu yasiyo na mpangilio, halafu huzuni: nalia bila sababu, usingizi umepotea. Damu navumilia, pedi zipo. Hii huzuni ndiyo inanitisha. Nimehamishia kidonge usiku baada ya kula, kichefuchefu kikaisha, mengine bado. Sitaki kuacha dawa kabla ya kurudi kwa daktari.

Mliowahi kuitumia, huzuni ilitulia yenyewe au mlibadilishiwa dawa? Na waliohamia kitanzi chenye homoni, je, huzuni ilikuwaje?